Faili Moja, Safari Moja: Kusasisha Kompyuta 42 kwa Laini ya Mbps 2

Usuli

Chuo ni cha ualimu, nje kidogo ya mji, kusini mwa Tanzania. Jina lake, mkoa na wahusika nimeviacha. Kina maabara moja yenye kompyuta 42 za Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa familia ya Linux), na ofisini kuna nyingine tisa za Windows 10. Jirani ipo shule ya mazoezi, ambako wanachuo hujifunza kufundisha; nayo ina kompyuta 11 za Ubuntu hiyo hiyo, ila haina intaneti kabisa.

Intaneti ya chuo inaingia kwa redio kutoka mnarani, Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) kwa mujibu wa mkataba. Laini hiyo ndiyo anayofanyia malipo mhasibu, ndiyo anayopelekea taarifa mtaaluma, na ndiyo wanayotafutia notisi wanachuo. Mimi nilikuwa fundi wa kuitwa. Maabara yenyewe iko chini ya mwalimu wa TEHAMA, mtu makini ambaye kazi zake nyingine zinamjaa mikononi.

Neno moja nilieleze mapema. Hapa nikisema kifurushi sina maana ya bando la simu. Kifurushi ni faili lililobeba programu na maelezo yake, lile ambalo Ubuntu na ndugu yake Debian hulipa jina linaloishia na .deb. Masasisho ya mfumo mzima huja kwa vifurushi vya namna hiyo, kimoja kimoja.

Mwaka 2023 chuo kililalamika kwamba intaneti inakufa kila asubuhi. Mwalimu alihisi ni masasisho yanayojipakua yenyewe, akapendekeza yazimwe. Niliafiki, tukazima huduma ya masasisho ya apt, programu ya Ubuntu inayopakua na kusimika vifurushi, kwenye mashine zote 42. Haukuwa uamuzi mzuri, na ubaya wake ulijificha kwa miezi mingi.

Kilichotokea

Februari 2024 niliitwa tena. Jumatatu, saa mbili asubuhi, darasa la kwanza likiwasha mashine, mwalimu akanipokea mlangoni.

"Fundi, intaneti imekufa tena."

"Mwalimu, haijafa. Kuna kitu kimeikalia. Tukitazame kabla hatujagusa chochote."

Mwaka 2023 hatukupima, tulibahatisha tu. Safari hii niliketi kwenye mashine inayopitisha intaneti ya chuo nzima, nikafungua iftop, programu inayoonyesha nani anazungumza na nani na kwa kasi gani. Mistari ilijaa anwani za maabara, zote zikivuta kutoka ghala la snap, aina nyingine ya programu za Ubuntu isiyopitia apt. Nikaenda kwenye kompyuta moja na kuandika snap changes. Orodha ilijaa kazi za kujisasisha ambazo hakuna mtu aliyeziagiza.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumekifanya. Tangu toleo la 22.04, Firefox ya Ubuntu haiji kama .deb. Inakuja kama snap, na snap ina ratiba yake ya kujikagua mara nne kwa siku, isiyotii mipangilio ya apt hata kidogo. Firefox peke yake inazidi MB 200, na chini yake kuna snap ya msingi ya gnome inayokaribia MB 500. Snap hujitahidi kupakua tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya inapowezekana, lakini hata tofauti ndogo ikivutwa mara 42 haiwi ndogo tena.

Kwa hiyo tulifunga mlango tukaacha dirisha wazi. Laini iliendelea kubanwa vile vile, na papo hapo maktaba za mfumo (misimbo inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) zikakaa bila viraka vya usalama. Nilipoiruhusu mashine moja ionyeshe kinachoisubiri, kwenye foleni nilikuta kiraka cha libwebp, ile maktaba ya picha ambayo Septemba 2023 iligundulika kuwa na tundu la usalama linaloweza kutumiwa kupitia picha tu iliyotengenezwa kwa hila. Firefox ilikuwa imeshapata chake kupitia snap. Programu nyingine zinazotegemea maktaba ya mfumo zilikuwa zimekaa na tundu hilo miezi mitano. Sikulala vizuri usiku ule.

Hesabu iliyobadilisha mazungumzo

Mkuu wa chuo alidhani jibu ni kununua laini kubwa zaidi. Tukakaa na karatasi.

Mbps 2 ni takriban robo MB kwa sekunde. Tuseme mwezi mmoja kila kompyuta inahitaji MB 400 za masasisho. Mara 42, hiyo ni GB 16.8, nazo zinahitaji karibu saa 19 za laini yote, mtu mwingine asiiguse. Nakala moja ya MB 400 hizo hizo inapita kwa dakika 27.

Ndani ya maabara kuna swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta kwa nyaya, ya Mbps 100. Faili likishafika ndani, kuligawa kwa mashine zote hakumalizi hata nusu saa. Mkuu aliitazama karatasi, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo tunalipia faili lile lile mara arobaini na mbili?" Ndiyo, mkuu. Suala la laini mpya likaishia hapo.

Maamuzi na sababu zake

Cha kwanza kilikuwa seva ya akiba. Tulichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa stoo, tukaiwekea diski ya TB 1, tukasimika apt-cacher-ng. Kazi yake ni nyepesi kueleza: kompyuta ikiomba kifurushi, seva hukileta kutoka ghala la Ubuntu na kubaki na nakala, ya pili ikiomba kile kile, inapewa cha ndani. Upande wa kompyuta za maabara ni mstari mmoja kwenye faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Akiba hii inasaidia hata kwa orodha za vifurushi, zile zinazoshuka unapoandika apt update. Watu huzisahau. Orodha ya fungu la universe la 22.04 peke yake ni MB 14, na Ubuntu haitoi nyongeza za tofauti kwa orodha hizo. Zikibadilika, zinashuka upya nzima nzima.

Mwalimu aliuliza jambo la maana: je, mtu akiingia kwenye seva yetu na kutia kifurushi cha sumu, hatutaambukizwa wote? Apt haimwamini mpeleka mzigo. Faili la InRelease limetiwa saini ya kidijitali na wenye Ubuntu, na ndani yake zimo hashi za orodha zote, yaani namba za utambulisho zinazokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Kila orodha nayo ina hashi ya SHA256 ya kila kifurushi. Ukibadilisha herufi moja ya kifurushi, hashi hailingani na apt inakikataa. Kwa sababu hiyo mzigo unaweza kupita kwenye http ya kawaida, kwenye seva ya stoo, hata kwenye flashi, na ukafika salama au usikubaliwe kabisa.

Cha pili kilikuwa usiku. Seva yenyewe tuliisimika programu zile zile za maabara, kisha tukaiwekea kazi ya saa nane usiku: kusoma orodha na kupakua masasisho bila kuyasimika. Kulipokucha, kila ambacho maabara ingekihitaji kilikuwa tayari ndani. Baada ya hapo tu ndipo tuliporudisha masasisho ya apt kwenye mashine zote 42. Hili lilikuwa la lazima kwa sababu ya tabia ya mashine za maabara: huzimwa usiku, na zikiwashwa asubuhi hufidia ratiba zilizozikosa, saa zile zile za vipindi.

Uamuzi wa tatu ulitugawa. Seva ya akiba ikizimika, kompyuta zifanyeje? Apt inaruhusu kuandika hati ndogo inayokagua kama seva iko hai, na ikiwa haiko, mashine iende moja kwa moja intaneti. Mwalimu alitaka hivyo, na hoja yake ilikuwa nzuri: masasisho yasikose. Mimi nilikataa. Umeme ukikatika na seva isirudi, siku hiyo hiyo mashine 42 zingerudi kwenye laini na mhasibu angekwama tena bila kujua sababu. Tulikubaliana kwamba seva ikizimika masasisho yasubiri, ila mwalimu ajue siku hiyo hiyo. Sehemu ya pili ya makubaliano haya ndiyo tuliyoshindwa kuitimiza, kama nitakavyoeleza.

Cha nne, snap. Apt-cacher-ng haiwezi kuzishika, maana zinapita kwa njia iliyosimbwa, isiyosomeka katikati. Tulizisimamisha mashine zote kwa snap refresh --hold, halafu tukajiwekea utaratibu: toleo jipya la Firefox likitoka, seva inaandika snap download firefox usiku. Yanashuka mafaili mawili, la .snap na dogo la .assert lenye saini. Jioni, wanachuo wakishatoka, seva inazifikia mashine kwa SSH, njia ya kuiamuru kompyuta kutoka mbali, moja baada ya nyingine: snap ack kwa faili la saini, kisha snap install. GB 10 hivi kupita kwenye swichi kwa mashine zote ni kama robo saa.

Njia tuliyoijaribu na kuiacha

Nilikuwa na hamu ya kwenda mbali zaidi. Kiraka cha usalama mara nyingi kinabadilisha mistari michache ya msimbo, lakini kifurushi kinashuka chote. Kwa nini tusipakue tofauti tu?

Nilikodi seva ndogo nje ya nchi kwa mwezi mmoja, nikaweka huko matoleo ya zamani na mapya ya vifurushi vikubwa. Kwanza nilijaribu rsync, ambayo tangu 1996 imejulikana kwa kupeleka vipande vilivyobadilika tu. Ilipeleka karibu faili zima. Sababu ni mgandamizo: ndani ya .deb data imebanwa, na ukibadilisha kitu kidogo mwanzoni, kila kinachofuata baada yake kinatoka na sura nyingine. Rsync inatazama mafaili mawili ambayo kwa ndani ni ndugu, inayaona wageni.

Nikafungua mgandamizo pande zote mbili, nikatengeneza tofauti kwa xdelta3. Sasa tofauti ilikuwa ndogo kweli, na nilifurahi kwa muda mfupi. Lakini kifurushi kinachojengwa upya upande wa chuo lazima kifanane na cha asili baiti kwa baiti, maana hashi iliyotiwa saini ni ya faili lililobanwa. Mgandamizo ukirudiwa kwa mpangilio tofauti kidogo tu, hashi inakataa. Zipo zana zilizotengenezwa kushughulikia jambo hilo, debdelta ya Debian ikiwemo, ila zinahitaji kichakataji chenye nguvu, na anayezalisha tofauti awe upande wa ghala. Kwa vifurushi vya Ubuntu mzalishaji huyo angekuwa mimi, kila siku, milele.

Niliacha, na sijutii. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, walikuwa na tofauti za namna hii tangu toleo la 11 mwaka 2009, wakaja kuziondoa kwenye toleo la 40 mwaka 2024. Kwa kompyuta moja nyumbani yenye bando la kupima, tofauti zinaweza kuwa na maana. Kwa maabara, ukishazuia faili kupita mara ya pili, umeshaokoa sehemu 41 kati ya 42. Kupunguza ile moja iliyobaki hakulingani na jasho lake.

Mei na Julai

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumanne yake, tarehe 14, ikatoka Firefox 126. Chuoni laini ilikuwa inatambaa; kurasa nyingi hazikufunguka mchana kutwa. Seva ilianza kupakua saa nane usiku, ikakatika, ikaanza tena usiku uliofuata. Usiku wa tatu faili lilikamilika, na jioni mashine zote zilikuwa na toleo jipya. Kwa utaratibu wa zamani isingewezekana hata kwa mashine tano.

Tarehe 1 Julai likatangazwa tundu la OpenSSH, programu inayoendesha SSH, lililopewa jina la regreSSHion. Toleo lililokuwa kwenye Ubuntu 22.04 lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika, na sisi tulikuwa tumefungua SSH kwenye kila mashine ili kugawia snap. Vifurushi viwili vya kiraka havifiki MB 2 kwa pamoja. Siku iliyofuata mashine zote za chuo zilikuwa navyo kabla ya saa sita mchana.

Shule ya mazoezi

Kule hakuna laini, kwa hiyo tulianza na apt-offline, programu ya kusasisha mashine isiyo na intaneti. Unatoa kwenye mashine ya shule faili la mahitaji, unalileta chuoni kwa flashi, unapakua, unarudisha mzigo. Inafanya kazi vizuri, lakini ni safari mbili kwa kila raundi, na flashi za wanachuo zilikuja na virusi vya Windows ambavyo, ingawa havikuidhuru Ubuntu, vilifika ofisini.

Baadaye tulibadili. Tulinakili akiba yote ya seva kwenye laptop, tukaipa anwani ile ile, tukawasha mpangilio wa Offlinemode ili isijaribu kutafuta intaneti. Laptop inapanda bodaboda mgongoni mwa mwalimu, inachomekwa kwenye swichi ya shule, na mashine 11 zinajisasisha kana kwamba ziko maabara.

Siku ya kwanza mashine tatu ziligoma. Ujumbe ulisema faili la Release bado halijaanza kutumika, kwamba uhalali wake utaanza baada ya siku kadhaa zijazo. Tulihangaika na mipangilio karibu saa nzima, hadi mwalimu wa shule, mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema, "Samahani wanangu, hiyo saa hapo juu ya kioo mbona inasema mwezi wa tatu?" Tulikuwa mwezi wa sita. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ilikufa, mashine haina intaneti ya kuisahihishia saa, ikabaki inaishi Machi. Kwa mashine hiyo, orodha iliyotiwa saini Juni ilikuwa imetoka siku ambayo haijafika.

Kuna mpangilio wa kuiambia apt isijali tarehe. Hatukuutumia. Ukaguzi huo unasaidia kukuzuia usidanganywe kwa mambo ya tarehe, na mtu akishauzima mahali hakumbuki kuuwasha. Tulirekebisha saa kwa mkono, safari iliyofuata tukaenda na betri mpya.

Kilichofanikiwa na kilichoshindikana

Kilichofanikiwa zaidi kilikuwa kupima, na kilichukua nusu saa tu. Tungepima mwaka 2023 tungeiona snap siku ile ile, na zile mashine zisingekaa bila viraka. Nikiitwa mahali leo na kuambiwa masasisho yanamaliza intaneti, siruhusu chochote kizimwe hadi nione anwani zinazovuta.

Seva isiyo na UPS, betri ya kuibeba umeme ukikatika, lilikuwa kosa. Mwezi Aprili umeme ulikatika usiku katikati ya kupakua, faili moja likabaki nusu ndani ya akiba. Asubuhi kila mashine ikalalamika kwamba hashi hailingani. Ulinzi ulifanya kazi yake, nusu faili halikusimikwa popote, lakini ilibidi mtu alifute kwa mkono. UPS ndogo ikanunuliwa wiki hiyo hiyo.

Kosa zito zaidi lilikuwa la utaratibu. Agosti mwalimu alikwenda likizo. Kazi ya usiku ilisimama kwa sababu diski ya mfumo ilijaa, na kwa wiki tatu hakuna aliyejua, kwani intaneti ilikuwa nzuri na hakuna aliyelalamika. Kwa kukataa mashine zisiende intaneti zenyewe, tulikuwa tumeweka kila kitu mikononi mwa seva moja na mtu mmoja. Bado naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, ila ulihitaji jicho la pili tangu siku ya kwanza. Sasa kuna daftari mezani kwa msimamizi wa maabara. Kila Ijumaa mwanachuo wa zamu anaandika tarehe ya kifurushi cha mwisho kilichoingia kwenye akiba na nafasi iliyobaki kwenye diski. Tarehe ikiwa na zaidi ya siku saba, anampigia mwalimu. Asipopatikana, ananipigia mimi.

Kompyuta tisa za ofisini tuliziacha nje ya seva. Windows ina uwezo wake wa kupeana masasisho kati ya mashine za mtandao mmoja. Tuliuwasha kwa mtandao wa ndani tu, mhasibu akatulia.

Kinachofuata ni kuhamia Ubuntu 24.04. Faili lake la usimikaji ni takriban GB 6, yaani kama saa sita na dakika arobaini za laini ikiwa haina mtu. Tumepanga ishuke kwa torenti usiku mmoja wa likizo ya Desemba; umeme ukikatika, itaendelea ilipoishia. Kisha itaingia kwenye ile ile laptop ya bodaboda.